Ubao wa Gouyave

Mimi ni mwandika vibao. Hulipwa kwa herufi,
nukta ni bure.
Baraza la parokia lilinipa ubao wa mahogani,
futi sita, ukumbusho wa Oktoba ile,
likasahau kunipa neno.

Tukaitwa ukumbini, Jumanne, mvua ikipiga bati.
Mwalimu mstaafu Cuthbert Noel alisimama wa kwanza,
miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu:
"Andika UKOMBOZI. Mmesahau zile siku nne,
mtu kuchungulia dirishani akaogopa kivuli chake?
Wenzetu, waliokula vyungu vyetu,
ndio waliowapiga risasi wenzetu kule ngomeni.
Helikopta zilipokuja nilikuwa chini ya kitanda.
Nilitoka nikicheka."

Hakuna aliyebishia kitanda.

Verlyn Baptiste hakusimama:
"Mama yangu alikuwa akianika mashuka
ya hospitali ya wagonjwa wa akili.
Bomu lilikosea anwani, ndivyo walivyosema.
Kila akisimulia huhesabu: shuka la kumi na moja, la kumi na mbili.
Hapo hunyamaza, huenda kuchochea moto
hata kama jiko halina kitu.
Andika UVAMIZI."

Basi ukumbi ukachemka.
Walialikwa! Na nani? Kwa barua!
Barua iliandikwa kabla ya meli kung'oa nanga, au baada?
Walikuja kuokoa wanafunzi wao!
Mmoja alipanga kwangu, bwana;
alichohitaji kuokolewa nacho ni mtihani wa mifupa.
Ule uwanja wa ndege ulikuwa wa vita!
Leo unashusha watalii wenye kofia za majani,
mbona haujampiga mtu?
Na wewe Noel, unga wao uliula.
Niliula. Wewe hukuula?

"Mwalimu," Verlyn akasema, "katikati ya ukombozi wako
mna kombo. Soma mwenyewe."
Mzee akahesabu kwa kidole hewani,
akafika kwenye kombo, akasita.
"Tahajia," alisema, "si hoja."
Lakini aliketi.

Ismay, mchambua kungumanga,
mikono yake yanuka kungumanga hata kanisani:
"Sisi stesheni hutia kokwa majini.
Nzima huzama, mbovu huelea.
Nimeyasikiliza maneno yenu miaka yote hii,
jirani na jirani, mezani na msibani,
na kila moja laelea kidogo, lazama kidogo.
Sijui mtayaweka gunia gani."

Kura zikapigwa mara mbili.
Mara ya pili zilizidi watu.

Hakuna aliyeniuliza mimi. Mwandika vibao hana upande,
ana brashi. Ila nikiri:
ukombozi una herufi nane, uvamizi saba,
na nilikuwa na deni la tapentaini.
Nikiri na hili. Nilikuwa na miaka tisa.
Askari, uso umepakwa masizi kama wa kanivali,
aliinama akanipa chingamu.
Mjomba Fitzroy, wa mgambo, alikuwa ametoka alfajiri
na viatu vya kuazima.
Habari zake zilipofika
chingamu ilikuwa bado tamu mdomoni mwangu,
na sikuitema.

Asubuhi nikaanza na nisichoweza kukosea:
U upande wa kushoto,
ZI upande wa kulia.
Katikati nikaacha mahogani tupu,
pana kiasi cha kupitisha mkono, nikisubiri baraza.

Baraza halijarudi.
Ubao ulitundikwa hivyo hivyo, maana misumari ilikwisha nunuliwa.
Watoto wa shule hupita wakisoma kwa sauti: uzi.
Mmoja aliniuliza ni uzi wa kushonea nini.
Nilimwambia mvua inakuja, akimbie.

Nimepeleka ankara ya herufi tatu.
Mpaka leo hawajalipa.