Goli Linaloshuka Ngazi

Ploiești. Jengo la ghorofa kumi, lifti mbovu tangu Oktoba.
Kompyuta mbili za jengo zinakaa kwa Haralambie, ghorofa ya tisa,
ndani ya kabati la viatu lililotobolewa mlango
joto lipate pa kutokea.
Tulizichangia: huyu pesa, yule diski,
mshona viatu wa ghorofa ya nne alileta feni.
Waya unachungulia dirishani, unashika ukuta,
unaingia kwa watu bila hodi:
televisheni kumi na nne,
nyingine bapa mithili ya sinia,
nyingine zina kisogo kinachodai meza yake peke yake.

Haralambie alikuwa fundi umeme wa tramu.
Husema, video ni abiria tu,
usimwache kituoni, usimkanyage, mfikishe.
Lakini njia nyembamba, abiria wengi.
Ghorofa ya nane picha hufika papo hapo.
Ya sita hungoja kidogo, kama mtu anayetafuta miwani.
Ya pili, kwa Bi Eufrosina,
inafika sekunde arobaini baadaye, inahema.

Kwa hiyo filamu ya kuchekesha ikianza Jumamosi
kicheko hakilipuki. Kinashuka.
Kinaanzia kwa akina Pârlog,
kinapita kwa mwalimu wa hesabu anayecheka kwa pua,
kinatetemesha mabomba ya maji moto,
nami ghorofa ya tano, mbegu ya alizeti mdomoni,
najiuliza: wananicheka mimi?

Mpira ndio ulioleta kesi.
Juu wanaruka, goli! goli!
huku chini kiungo wetu bado anafunga kamba za kiatu.
"Mnatuuzia jana," Tiberiu alifoka ngazini,
"na mimi nimelipia leo!"
Ngoja ngoja huumiza matumbo,
na matumbo yetu msimu ule yalikuwa yamejaa kabichi chachu.

Januari nikajitosa. Swichi mpya, waya mpya,
siku tisa juu ya ngazi ya mbao, vidole vimekufa ganzi,
theluji ikiniingia shingoni.
Nikazisawazisha zote, sekunde kwa sekunde.
Usiku wa mechi goli liliingia mara moja kila sebule,
jengo zima likapiga ukelele mmoja,
mbwa wa uani wakakimbilia barabarani.
Haralambie alivua kofia, akaiweka gotini:
tramu imefika mwisho wa njia, na kwa saa yake.

Asubuhi Bi Eufrosina alinisubiri mlangoni
na chupa ya jamu ya plamu.
"Mwanangu, nirudishie sekunde zangu."

Nikadhani sikusikia.

"Tangu Nichifor afe hakuna aliyenitangulizia habari.
Ila dari. Dari likiruka
nilijua kuna jema njiani,
nikapata muda wa kufuta mikono,
kusogeza kiti chake karibu na changu.
Na wakinyamaza juu, au wakipiga meza ngumi,
nilizima. Nilikuwa na nafasi ya kuzima.
Sasa mabaya yananikuta na kijiko mdomoni."

Nilipanda ghorofa saba na jamu yangu.
Haralambie alisikiliza, hakucheka.
Alifungua kabati, akapuliza vumbi kwenye kibodi,
akatafuta waya mmoja kati ya kumi na nne,
akaandika arobaini.
Kisha kwenye daftari la waya, kwa penseli:
*Ghorofa ya pili, mlango wa saba. Usiguse.*

Jumatano tulifunga dakika ya themanini na nane.
Tulipiga kelele, tukakumbatiana, tukamwaga mbegu,
tukaketi, mtu akaanza kutafuta ufagio.
Ndipo ikasikika kutoka chini,
kiganja kwenye mkono wa kiti,
mara mbili,
halafu mara moja tena.