Sikio la Mama

Jumamosi, saa tisa alasiri, mtaa wa Liberdade, Salvador.
Maji yamerudi bombani baada ya siku mbili.
Nimejaza ndoo, nimeweka kiti cha plastiki uani,
nimemwita Mama.

Anakuja polepole, mkono ukutani.
Anakaa, na kabla sijamgusa
analikunja sikio la kushoto kwa vidole viwili,
analibana,
anafumba macho, anangoja.

Hakuna moto, Mama.
Kile kitana cha chuma kinakula kutu
ndani ya debe la misumari.
Lakini mwili una daftari lake,
na ukurasa huu haujafutika:
jiko la gesi, moshi wa mafuta,
Bibi amesimama nyuma yake akipuliza chuma kipoe kidogo,
kidogo tu.
Miaka ikapita, Mama akasimama nyuma yangu.
"Kunja sikio, Jucilene."
Ili kesho kanisani watu wasiseme.
Waseme nini?
Kwamba nywele zetu ni mbaya.
Mbaya! Zimemwibia nani?

Mimi nilitoka kwenye chuma nikaingia kwenye kopo.
Dawa nyeupe, harufu ya kuumiza macho,
inawasha, nahesabu, bado dakika tano.
Utosi ukitoa vidonda navinyamazisha kwa vaselini.
Nilipofika miaka thelathini na minane
panja zangu zilikuwa kiwanja cha mpira
wakati wa kiangazi.

Aliyeninyang'anya kitana ni Tainara, binti wa kaka yangu,
miaka kumi na saba, ulimi wembe:
"Shangazi, unachana au unalima?"

Nilinuna. Mtu mzima nifundishwe kuosha kichwa?
Lakini nilikaa, maana nilikuwa nimechoka
kufagia nywele zangu mwenyewe kila asubuhi.

Loanisha kwanza, akasema. Zikiwa kavu usiziguse.
Gawa mafungu manne, bana matatu, shughulika na moja.
Vidole kabla ya chanuo.
Anza nchani, panda taratibu,
mzizi uufikie mwisho, kama mgeni mwenye adabu
anayebisha hodi kwanza.

Siku ya kukata ncha zilizokufa nililia bafuni;
kioo kilinionyesha kichwa cha kaka
alivyokuwa jeshini.
Wiki ya kwanza nilizidisha mafuta ya nazi,
basi zima likajua, nanuka sufuria ya samaki.
Wiki ya tatu nikasahau kitambaa cha satini,
foronya ya pamba ikanywa unyevu wote usiku kucha,
nikaamka kichwa kikilia kama majani makavu.
Nikasukwa kwa kubanwa sana, kwa ajili ya harusi;
nilicheka picha zote nyusi zikiwa juu.
Nikafumua usiku uleule.

Sasa ni zamu ya kichwa cha Mama.
Nywele nyeupe, laini kuliko nilivyodhani,
zinajikunja kwenye kidole changu zenyewe
kana kwamba hazikuwahi kunyooshwa na mtu.
Maji ya vuguvugu. Povu kwenye ngozi, si kwenye ncha.
Kisha krimu, kisha subira.
Nyuma ya kisogo nimekuta fundo gumu, la siku nyingi.
Naliachanisha unywele kwa unywele.
Redio ya jirani imemaliza mpira, imeanza habari,
mimi bado niko hapo hapo.

"Utaanza lini?" anauliza, macho bado kayafumba.

"Nimemaliza upande mmoja, Mama."

Ananyamaza.
Anauleta mkono wa kulia, anapapasa,
anakuta misokoto miwili, mibichi, imetulia.
Hasemi kitu. Anaomba kahawa.

Ni baadaye, aliposinzia na kikombe mapajani,
mkono wa kushoto ukateleza, sikio likafunguka.
Juu kabisa, kwenye ukingo, kuna kovu
jembamba, la mng'ao, urefu wa punje ya mchele.
Miaka arobaini na moja nimeishi naye,
sijawahi kuliona.

Nilikuwa na mafuta bado kwenye kidole.
Nikapaka na hapo.