Hema la Watu Wawili

Mlima hatuna sisi wa Pemba. Tuna vilima
vilivyolala kifudifudi kama watoto waliochoshwa na chuo,
na katikati ya msitu wa Ngezi, kijito
ambacho marehemu baba alikiita mto, kwa heshima tu.

Tulifika alasiri, mimi na kaka yangu Shaame,
na hema la kukodi kutoka Konde:
vigingi tisa badala ya kumi na viwili,
nguzo mbili, moja imeviringishwa mpira wa baiskeli.
Mama alikwisha kusema yake kwenye simu:
"Hema mie nalijua la Mina tu.
Nyie mwendahiji nini huko msituni, na nyumba mnayo?"

Nyumba tunayo, mama. Ndiyo shida yenyewe.

Jumatatu saa nne tunatakiwa kwa kadhi, Wete.
Mikarafuu mia na arobaini na mmoja:
mama na thumuni yake,
kisha Shaame mafungu mawili, mimi moja.
Sheria naijua, sina neno nayo.
Neno langu ni ile mitatu ya kando ya kisima,
niliyoipanda mimi, kwa vidole hivi,
baba akinishikia ndoo.

Tukapika wali. Shaame kasahau chumvi.
Sikumwambia kitu. Tukala chapwa,
kila mtu akitazama moto wake ndani ya moto mmoja.

Giza la Ngezi halishuki, linapanda.
Linatoka kwenye mizizi, linaushika mpapindi
magotini, kiunoni, shingoni,
mpaka likawafikia popo, na popo wakaondoka
kama mwavuli mmoja uliochanika vipande elfu.

Kisha kihodi.
Hodi.
Hodi.
Mgeni hubisha mara tatu akaenda zake;
ndege huyu alibisha hata hesabu ikanipotea,
na sisi wawili ndani, migongo imepeana visogo,
hakuna aliyesema karibu.

Saa nane za usiku, mvua.
Si ile ya kubembeleza mabati. Hii ilikuja na fujo lake,
na kijito kikakumbuka kwamba kiliwahi kuitwa mto.
Maji yakapita chini ya ubavu wangu
kama mtu anayepapasa kitu alichokiangusha.
Kigingi kimoja kikang'oka. Kikafuata cha pili.
Nguzo yenye mpira ikapinda.
"Ishike!"
Nikaishika. Yeye akaishika ya kwake.

Tukakaa hivyo, tumechutama, magoti yanagusana,
mikono juu, kama watu walioanza dua
wakasahau maneno.
Nikiachia mimi, linamwangukia yeye.
Akiachia yeye, linaniangukia mimi.
Na lilikuwa likivuja kati kwa kati,
tone kwake, tone kwangu,
bila kuuliza nani mwanamume.

Baada ya muda mrefu, akicheka au akitetemeka, sikujua:
"Wakumbuka baba alivyoteleza hapa,
akaibuka majini na kofia isiyokuwa yake?"
Sikumbuki. Nilikuwa bado mgongoni kwa mama.
"Nakumbuka," nikasema.

Alfajiri tukatawadha kwa maji ya mvua
yaliyotuama juu ya turubai.
Akasalisha, nikasimama nyuma yake,
nikaona shati lake limegeuzwa, mishono iko nje,
nikajikaza nisicheke katika sijida.

Vigingi tulivyovipata ni saba.
Viwili vimebaki na kijito; mwenye hema atatudai.
Tukaianza njia ya Konde, matope hadi kwenye vifundo,
yeye na hema begani, mimi na sufuria,
na masizi ya sufuria kwenye kanga yangu.

Karibu na barabara akauliza, hanitazami:
"Ile mikarafuu ya kisimani, ni minne?"
"Mitatu. Wa nne ulikufa mwaka ule wa ukame."
Akavua ule mpira wa baiskeli mfukoni,
akauzungusha kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena.
"Haya," akasema. "Mitatu."

Akalihamishia hema bega la pili.
Lilikuwa zito kwa maji.
Sikumpokea. Nikapunguza mwendo tu.