Kokoto za Riat

Kokoto zao zilitoka mbali, kwa malori,
zikapita mbele ya marundo yetu,
zikatutimulia vumbi.
Nasi tumekaa pale miaka kumi na minne,
nyundo mkononi, kipande cha tairi kidoleni,
tukiuza kwa karai.

Rispa akasema: twendeni kwa wafyatua matofali.
Tukaguna. Wale tuligombania nao kisima
mpaka chifu akatuchoka.
Akasema tena: na vijana wa bodaboda.
Na kina mama wauza mboga wa Kiboswa.
Daftari la chama likaongezwa kurasa,
nikaandika majina hadi kalamu ikakauka.

Mhandisi alitupokea amesimama.
Alitaka kujua msemaji wetu ni nani.
Tukamwekea mezani karai moja, limejaa pomoni:
pima.
Akachukua, akapeleka maabara,
na wiki tatu simu yake haikushikwa.

Sikudanganyi, hatukupata yote.
Lori moja katika kila matatu ni letu.
Vijana kumi na wawili wana vizibao vya njano.
Kalvati imesogezwa, maji hayaingii tena kwa Dismas,
yule yule wa kisima.
Kituo cha afya bado ni ahadi; nimeiandika,
ukurasa wa arobaini, kwa wino mwekundu.

Jana lami ilifika kwenye kona.
Rispa alivua kiatu kimoja,
akaikanyaga ingali vuguvugu.
"Humu chini," akasema, "mna kidole changu."
Tukacheka, maana ni kweli:
ukucha ule haukuota tena.