Herufi Moja

Saa moja na robo, Julai, Nairobi haijaamua kama itakucha.
Navaa gambuti, nachukua utepe, panga, kopo la rangi nyeupe,
na Musyimi anakuja nyuma na ramani ndani ya nailoni,
ameikumbatia kama kichanga kinachoogopewa upepo.

Kazi yetu ni kuhesabu bikoni.
Kumi na tisa, ramani inasema.
Jana tulipata kumi na saba,
na ile ya kumi na nne ilikuwa imehama hatua kumi na moja kuelekea mtoni,
yenyewe, kwa miguu yake ya zege.
Musyimi akacheka: "Mwaka wa uchaguzi
hata jiwe hutafuta chama."

Mchora mabango wa idara alikosea herufi.
Langoni pameandikwa ARDHI YA UMA.
Nimeandika barua mbili.
Karani wa vifaa alinijibu kwamba bajeti ya M haijapita.
Nimezoea. Nikipita chini yake nawaza:
uma ni ule wa kulia nyama hotelini,
na kuuma ni kazi ya mbwa na nyoka,
na nchi hii neno kula tunalijua vizuri.
Huenda mchoraji hakukosea.
Huenda ndiye mtu wa kwanza idarani
kuandika ukweli kwa rangi isiyotoka kwa mvua.

Ramani yenyewe, ukiiinua kwenye mwanga,
ina majina matatu, moja juu ya jingine:
Ardhi ya Taji, kwa wino wa kahawia;
limekatwa. Ardhi ya Serikali, kwa taipu;
limekatwa. Ardhi ya Umma,
kwa kalamu ya mtu aliyekuwa na haraka.
Mstari wa mpaka haukusogea hata unywele.
Ni mwenye nyumba tu aliyebadili koti.
Na chini ya Taji, kabla ya wino,
kulikuwa na mtu akichunga hapa, na jina alilopaita
halikumkaa ulimini yeyote aliyeshika kalamu.

Gichohi wa zamu ya usiku husema kwao Murang'a
mpaka haukuwa jiwe. Ulikuwa ua, itoka,
na aliyeling'oa gizani hakushtakiwa, alilaaniwa,
na laana haikuhitaji wakili.
Kwetu Gusii nyanya yangu alitumia jirani.
Waligombana kila msimu wa mahindi, miaka arobaini, kwa futi moja,
na jirani alipokufa, nyanya ndiye aliyelia zaidi:
nani tena angejua mpaka ulipokuwa?

Saa nne tunakunywa chai ya rangi.
Watu wa maombi wameshafika, viatu kando,
wanamweleza Mungu mambo kwa sauti ya juu,
kama watu waliowahi kupotezewa faili.
Bibi harusi ameinua gauni lisiguse tope, mpiga picha anamwambia acheke.
Mama Nekesa ana mbuzi watano wasioruhusiwa.
Sheria naijua, kifungu nakijua.
Nikamwambia, "Mama, mbuzi."
Akasema, "Ndiyo, mbuzi."
Tukaachana kwa heshima.

Kisha akaja mwenye viatu visivyojua tope,
na ramani mpya kuliko yetu, bado inanukia mashine.
Humo mto umenyooshwa, mbuzi hawamo,
na bikoni ya kumi na nne iko pale pale ilipotembea.
Aliniita dada. Aliuliza mshahara wangu,
taratibu, kama daktari anayepapasa panapouma.
Sikumjibu. Si ushujaa; nilikuwa na andazi mdomoni.
Lakini nilipomaliza kutafuna
sikumjibu pia.

Jioni Musyimi alishika ncha moja ya utepe, mimi nyingine,
tukapima upya. Hatua kumi na moja.
Nikaandika daftarini kwa penseli, halafu kwa kalamu juu ya penseli,
maana nimeona penseli inavyofutika ofisini.
Rangi ilibaki kidogo koponi.
Nikapanda juu ya pipa, nikabana M ya pili
kati ya M na A, nyembamba, imekaa upande
kama mtu aliyechelewa kanisani.
Musyimi akasema haijanyooka.
Nikamwambia aiache ikauke.