Milio Mitatu

Miaka mitatu nimemtazama Dobrosław
akifungua kompyuta za watu wengine,
yangu ikiwa nzima, jeuri, haiugui hata mafua.
Video mia mbili na kumi na nne.
Najua kikohozi cha feni iliyomeza manyoya ya paka.
Najua harufu ya kapasita iliyovimba:
skrini haina harufu, lakini yeye hukunja pua
nami hukunja yangu.
Huanza vilevile kila mara:
"Chomoa waya kwanza. Ushujaa baadaye."
Maneno hayo nilimwambia mjukuu wangu Kalina
siku alipotaka kuolewa.

Leo asubuhi Łódź imelala chini ya theluji ya Februari,
tramu zinasaga barafu chini ya dirisha langu.
Nikabonyeza kitufe.
Giza.
Kisha mlio. Mlio. Mlio.

Mungu anisamehe, nilifurahi.
Kama mtu aliyenunua mwavuli wakati wa kiangazi
akaona wingu lake la kwanza.

Nikaondoa kitambaa cha meza, nikamfukuza paka,
nikatoa bisibisi niliyojizawadia
sikukuu ya somo wangu, Mtakatifu Agnesi.
Waya nikachomoa. Ushujaa ukasubiri.
Ndani, vumbi limejikunja kama paka wa pili.

Milio mitatu ni kumbukumbu. Video ya sabini na mbili.
Jirani yangu Bwana Hieronim hudhani
picha za harusi yake zinakaa humo.
Hazikai. Umeme ukikatika, kijiti hiki husahau yote,
hata jina la aliyekishika.
Kumbukumbu isiyokumbuka! Sijui nani alikibatiza,
ila naona alikuwa na umri wangu.
Nikakisugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio,
nikakirudisha mpaka kikasema ta.
"Na hapo, marafiki," Dobrosław akatabasamu kwenye simu, "itawaka."

Mlio. Mlio. Mlio.

Nikasugua tena. Nikapuliza. Nikatukana kidogo.
Mlio, mlio,
mlio.

Hapo nikanyamaza, nikasikiliza.
Miaka thelathini na mmoja nilikuwa kiwandani,
mitambo ya kufuma ishirini na minne kwa zamu,
kelele zilizotufundisha kusemezana kwa midomo tu,
na bado nilikuwa nikiusikia uzi
kabla haujakatika.
Mafundi walikuja na vitabu vyao: ni uzi huu, mama.
Nikawaambia: si uzi. Ni njia ya uzi.

Si uzi.

Kwenye ubaomama kuna nafasi mbili.
Ya pili haijawahi kukaliwa, safi,
kama kiti tunachoweka mkesha wa Noeli
kwa ajili ya mgeni asiyefika.
Nikakihamishia kijiti humo.
Dobrosław hakusema hivyo,
si katika ya sabini na mbili, wala katika nyingine yoyote.

Mlio mmoja, mfupi,
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba radhi.
Skrini ikapambazuka.

Nikamgeukia kijana kwenye simu, kifutio bado mkononi:
mwanangu, leo umekosea.
Halafu nikaianzisha video yake upya, toka mwanzo,
asije akadhani nimemkasirikia.

Jioni Kalina akapiga simu. Nani amekuja kuitengeneza?
Hakuja mtu.
"Bibi! Ulichomoa waya?"

Kifuniko nimekirudisha.
Nilifungua parafujo sita, nimekaza sita,
na moja iko mezani.
Nimeitia kwenye mkebe wa vifungo,
nimeushindilia mfuniko.
Feni inazunguka vizuri.
Hieronim asijue.