Mashine Iliyojisahau

Bi Nakunda kaileta kwa guta, imefungwa kwa khanga mbili,
mpaka Mtaa wa Mchikichi, juu ya duka la vipuri vya cherehani.
"Ilikuwa ya ofisi ya ramani. Waliitupa, nikaiokota."
Nikamuuliza inaumwa nini.
"Imejisahau."

Nachomeka. Feni inakohoa, kioo kinapata weupe,
maandishi yanakuja: tarehe mosi, Januari, mwaka sabini.
Na pale penye jina la mashine, efu, efu, efu,
mstari mzima wa efu,
kama daftari la mtoto aliyefundishwa herufi moja.
"Mwaka sabini nilikuwa la pili, Usangi," anacheka.
"Tulichora ramani ya shule kwa mkaa, sakafuni."

Ugonjwa naujua. Ni chipu moja nyeusi yenye kibyongo,
na ndani ya kibyongo, chini ya gundi iliyogeuka jiwe,
betri ndogo kuliko kifungo cha koti.
Aliyeiunda aliifukia humo akaziba,
akiamini hakuna mashine itakayoishi kuliko betri yake.
Hakuijua Kariakoo.

Chipu mpya? Zipo. Zinatoka mbali, kwa dola,
na nyingine zimeshafia kwenye pakiti.
Basi msumeno wa chuma, jino dogo,
na tupa niliyorithi kwa sonara.
Nakereza. Vumbi jeusi, harufu ya ukucha ulioungua.
Nakereza tena, napuliza.
Bi Nakunda kashika taa ya simu, hapumui.
Hapo: nukta mbili za shaba, zinang'aa
kama macho ya panya ndani ya gunia.

Umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukasema aaah, kisha jenereta, moja, tatu, kumi.
Langu halina mafuta.
Nikashuka kwa Somoe anayekaanga mihogo,
nikachomeka ncha ya chuma changu kwenye mkaa wake.
"Leo unakaanga nini, fundi?"
"Miaka."
Nikapanda ngazi mbio kabla hakijapoa,
risasi ikayeyuka, waya mwekundu, waya mweusi,
na betri ya shilingi elfu moja, ya saa ya ukutani,
ikakaa nje, wazi, mgongoni mwa chipu.
Haipendezi. Atakayekuja ataitoa kwa ukucha.

Umeme uliporudi tukakwama kwenye jina.
Tarakimu na herufi, jumla kumi na mbili,
na bila hizo programu ya ramani haifungui mlango.
Kibandiko cha nyuma kimeliwa na chumvi ya hewa.
Nikageuza kifuniko nikitafuta skrubu,
nikaona penseli. Imefifia, imeinama kushoto.
Bi Nakunda akaweka kidole, hakugusa.
"Saba zenye mkanda. Huyu ni Mbwambo.
Alikuwa anaandika kila kitu mahali pawili.
Tulimcheka."

Akasoma, nikabonyeza. Sifuri, nane, sifuri, sifuri.
Kwenye ile saba alisita, akameza mate, akaendelea.

Bonde la Msimbazi likafunguka mstari kwa mstari,
kabla ya kuta, kabla ya fremu za maduka.
Hakutazama mto.
Alitafuta kitu chembamba, buluu, nyuma ya nyumba yake Kigogo.
Masika matatu sasa analala juu ya meza,
na manispaa wanamwambia hapakuwahi kuwa na mfereji.
Upo.
Unapita palepale ilipojengwa gereji ya mheshimiwa.

Printa sina. Akaomba karatasi;
nikampa ile ya kufungia mihogo, yenye mafuta, inapenyesha mwanga.
Akaibandika kwenye kioo, akanyoosha mkono:
"Penseli."

Nilimwachia meza. Mimi nilikuwa bado na saa ya kuweka,
maana mashine ilikuwa inasema ni usiku, mwaka sabini,
na chini Somoe alikuwa anaita:
chuma chako, fundi, kimeniachia ladha ya bati kwenye mihogo.